Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: Naomba na mimi nihesabiwe

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Salamu kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Mimi ni mama wa miaka 52, muuza dagaa kutoka mwambao wa kusini, wilaya ya Uvinza. Sikupanga kukuandikia. Nilipanga kuendelea kusubiri, maana kazi hiyo nimeshaizoea, lakini la Alhamisi iliyopita limenishinda.

Siku hiyo nilifika mahakamani saa moja na nusu asubuhi, nimekesha kwenye boti. Ni mahakama ya mwanzo ambayo sitaitaja, jalada langu bado limo mle ndani. Saa nne karani akatoka: hakimu ana udhuru, rudini mwezi ujao. Nikarudi chini ya mwembe kukusanya vitu vyangu. Hapo akaja kijana nadhifu, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi. "Shikamoo mama, tunapima kuridhika kwa watumiaji wa mahakama." Marahaba mwanangu, nikamwambia, kaa hapa, leo umefika kwa mwenyewe. Akauliza, "Umepata huduma uliyoijia?" Nikasema sijapata, tumeahirishwa. Akabonyeza, akasita, akaniomba radhi: dodoso linataka waliopata huduma. Akaondoka kumfuata bwana mmoja aliyekuwa anatoka na nakala zake za mirathi, anatabasamu.

Mheshimiwa, nani asiyetabasamu na karatasi yake mkononi?

Nilisikia redioni matokeo ya utafiti wa REPOA, ile taasisi ya utafiti ya hapa nchini. Mwaka 2015 walioridhika na huduma za mahakama walikuwa asilimia 61, mwaka 2019 wakawa 78, mwaka 2023 wakafika 88. Hongereni. Nasema kwa moyo mmoja, maana majengo tunayaona, na siku hizi Mahakama Kuu ipo hapahapa Kigoma, wakati zamani rufaa ilikuwa kupanda treni hadi Tabora. Sibishani na 88. Nilidhani tu kwamba mimi nimo katika wale 12 waliobaki. Alhamisi nikagundua kwamba hata kwenye 12 simo. Kama vijana wote wanapima kama huyu wangu, basi mnawauliza walioshiba kama chakula kilitosha.

Kesi yangu si ya ajabu. Mnunuzi mmoja wa mjini alichukua magunia 9 ya dagaa kwa mali kauli, Sh 2,700,000, akaahidi kulipa baada ya wiki mbili. Nikafungua madai. Leo ni mwezi wa 14. Nimeitwa mara 11. Mara mdaiwa hakupata wito (nyumba yake naiona nikiwa palepale mahakamani), mara jalada halionekani, mara hakimu yuko semina, mara kahamishwa na mpya anaanza kulisoma upya. Kila safari, boti, bodaboda na chakula, inanila Sh 40,000. Zidisha mwenyewe. Laki nne na elfu arobaini nimeshazimwaga ziwani, na mdaiwa wangu nikikutana naye sokoni ananiuliza, "Mama, vipi, bado tu?" Anacheka. Mjukuu wangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa sare na madaftari, nami ninadai milioni mbili na ushee!

Sisemi kuna rushwa. Nahisi hakimu mmoja anabebeshwa mahakama mbili au tatu, ndiyo maana udhuru hauishi. Lakini ni ninyi wenyewe mliojiwekea kwamba shauri la mahakama ya mwanzo lisipite miezi 6. Nililisikia kwenye hema lenu la Wiki ya Sheria, mwanasheria kijana akalisema kwenye kipaza sauti na sisi tukampigia makofi. Nilipiga kwa nguvu kabisa. Na Katiba, Ibara ya 107A, inataka haki isicheleweshwe bila sababu ya msingi. Semina ni sababu ya msingi? Naomba kueleweshwa.

Mwaka 2024 serikali ilitutangazia kwamba Ziwa Tanganyika linafungwa kuanzia 15 Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wazaliane. Tuliumia, lakini tarehe zilitangazwa mapema na kila mtu akajipanga. Ziwa la nchi nne linapangiwa tarehe. Jalada moja la kurasa 20 linashindikana.

Mnao mfumo wa kielektroniki wa mashauri, tunausikia ukisifiwa. Simu yangu ni ya vitufe, lakini kila siku inapokea ujumbe wa bahati nasibu na wa mikopo nisiyoiomba. Ujumbe wa "mama, kesho usije, hakimu hayupo" ndio haujawahi kufika hata mara moja. Mngenitumia huo tu, ningekuwa na Sh 440,000 zangu. Hakimu aongezwe pia, kama inawezekana. Na wito umfikie yule bwana. Najua naomba mengi.

Basi yaacheni yote hayo, nishikeni kwenye hili moja: mkija tena kupima, tuulizeni na sisi tulioambiwa turudi. Anzieni chini ya mwembe, si mlangoni. Niulizeni nimekuja mara ngapi, nimetumia kiasi gani, kisha hata mkiniuliza usafi wa vyoo nitawajibu kwa furaha, maana kusema kweli vyoo ni visafi.

Tarehe yangu nyingine ni Alhamisi ya pili ya mwezi ujao. Nitakuwepo kuanzia saa moja na nusu, upande wa kivuli, nimevaa kitenge cha kijani na nina ndoo ya dagaa miguuni. Mtumeni yule kijana.

Wako mtiifu,
Mama muuza dagaa,
Mwambao wa kusini, Kigoma