Although akija, But abaki nyumbani: makosa ya viunganishi tunayokutana nayo kwenye barua zenu

Kuna kijana alikuja wiki mbili zilizopita na flashi yake, kaiweka mezani, akasema dada naomba uniprintie barua ya kazi kopi mbili, fasta kidogo nawahi posta. Sasa mi huwa siprinti kitu bila kukitupia jicho, maana karatasi ikishatoka lawama zinarudi kwangu hata kama kosa la mwenyewe, nikafungua faili nikakutana na hii, naiweka kama ilivyokuwa na kaniruhusu:

"Although I have not been employed before but I worked like a cashier in my uncle's shop, because I worked there so I can handle cash, when I will get this chance I will work hard."

Nikamuuliza, mdogo wangu hii umeisoma kwa sauti? Akaniambia, dada mbona kompyuta haijapiga mstari mwekundu hata mmoja. Na kweli haikupiga. Ila mstari mwekundu ni wa speling, na speling zake zilikuwa safi kabisa, kila neno pale lipo kwenye kamusi. Kilichokuwa kinavuja ni maungio. Nikamwambia kaa kwenye benchi hapo dakika kumi, posta haikimbii.

Nimeona niandike hii kwa sababu barua kama ya yule kijana tunapokea karibu kila siku hapa steshenari, za kazi, za kuomba fildi, ripoti za wanachuo, meseji za wafanyabiashara wanaoagiza mzigo nje, na makosa ni yaleyale. Na niseme mapema, hayatoki kwa ujinga. Yanatoka kwenye Kiswahili kizuri tu. Mtu akisema "ingawa sijawahi kuajiriwa lakini nimefanya kazi dukani" hamna atakayemshangaa, Kiswahili chetu kinaruhusu viunganishi vije viwiliviwili kama kandambili, ingawa na lakini, kwa sababu na ndiyo maana, kwa kuwa na hivyo basi. Kiingereza ni bahili. Kinatoa kimoja, kingine kinakunyima. Ukiweka although, but anabaki nyumbani. Ukimtaka but, although asije. Ukiweka because, so hana kazi, na hiyo "that's why" ya kubandika mbele yake nayo hana kazi.

Njia ninayotumia ni ya kuhesabu, haihitaji uwe umesoma sana. Chukua kalamu, piga mstari chini ya kila kitenzi chenye mwenyewe, yaani kile unachoweza kuuliza nani kafanya ukajibiwa. Hivyo ndio vipande vyako. Halafu zungushia duara viunganishi. Vipande viwili vinataka kiunganishi kimoja, vitatu vinataka viwili, basi. Sisi wa Morogoro treni tunaziona, mabehewa mawili yanashikwa na kiungo kimoja, usipokiweka behewa la nyuma unaliacha Ngerengere.

Tukarudi kwenye barua ya kijana. "I have not been employed", kipande kimoja. "I worked like a cashier", cha pili. Vipande viwili, duara ngapi? Although na but, mbili. Moja inatoka. Nikamwachia achague mwenyewe, akatoa but, sawa. Mbele, "I worked there" na "I can handle cash", vipande viwili, because na so, moja inatoka tena. Halafu hayo makundi yote matatu aliyashika kwa koma peke yake, na koma kwa Kiingereza haina nguvu ya kubeba sentensi mbili kamili, hilo ndilo kosa la behewa kubaki. Hapo unaweka nukta, unapumua, unaanza upya.

Angalizo dogo kabla hamjaanza kufyeka kila kitu. Kuna viunganishi vinavyotembea wawili kihalali, either na or, neither na nor, both na and, not only na but also. Hao wahesabu kama kimoja, ila usiwabadilishie wenza, neither hamtaki or kwenye barua rasmi, na both haendi na as well as. Na ile "bado" yetu haijapotea, "Although I was sick, I still came" ni sahihi kabisa kwa sababu still sio kiunganishi, inakaa tu pembeni ya kitenzi.

Sasa "when I will get". Hii naipenda kwa sababu inaonesha kabisa Kiswahili kimejificha chini. Sisi tunasema nitakapopata, wakati ujao umo ndani ya neno lenyewe, kwa hiyo mtu anapovuka kwenda Kiingereza anaubeba na will yake. Kiingereza baada ya when, until, before, after, as soon as kinasema "when I get", wakati ujao unatajwa mara moja tu upande wa pili. Nitakusubiri mpaka utakapokuja inakuwa "I will wait until you come", sio until you will come. Lakini kwa yule kijana kulikuwa na jambo la pili. Sisi tukisema nikipata, hiyo -ki- inabeba mambo mawili, inaweza kuwa ukishaipata kwa uhakika au inaweza kuwa bahati ikiangukia kwako. Kiingereza kinakulazimisha uchague. "When I get this job" maana yake umeshajipa kazi kabla hujaitwa interviu, anayesoma anaweza kukuona una kiburi. Nikambadilishia ikawa if.

Na like. Hapo ndo nilicheka kidogo (nisamehe mdogo wangu). "I worked like a cashier" ni kwamba ulifanya kazi kwa mtindo wa keshia ila keshia hukuwa, yaani uliigiza. Kwetu kama ni kama tu, kama keshia, kama simba, kama utakuja. Kwa Kiingereza cheo chako halisi kinaitwa na as. "I worked as a cashier." Kwenye CV hii ni ya kuangalia sana, nimeshaona "I served like a secretary for three years", sekretari mzima kajishusha mwenyewe.

Mwishowe barua ikasomeka hivi: "Although I have not been formally employed before, I worked as a cashier in my uncle's shop, so I can handle cash. If I get this chance, I will work hard." Maneno karibu yote ni yake mwenyewe.

Kuna kundi lingine linaloponza wafanyabiashara, nalo ni unless. Mama mmoja wa vitenge alimwandikia mteja wake wa nje "We will not release the goods unless you do not pay the balance." Alichotaka ni usipomalizia hela mzigo hautoki. Alichoandika ni kwamba mzigo utatoka endapo tu mteja HATALIPA. Unless tayari ina "si" tumboni mwake, ukiongeza not umegeuza kichwa chini miguu juu. "Unless you pay the balance, we will not release the goods." Ukiona unless inakuchanganya iache kabisa, andika "if you do not pay", hamna atakayekudai.

Na ile na yetu jamani. Na ya Kiswahili inafanya kazi za watu watatu, inaunganisha, inamaanisha pamoja na, na ukiangalia sentensi za kutendwa imo pia. Tunasema tulienda na kaka yangu, tukimaanisha mimi na yeye, wawili. Mtu anaandika "We went with my brother", Mwingereza anahesabu sisi ambao tayari ni wawili au zaidi, halafu kaka juu, watatu. Kwenye stori haina madhara. Lakini kuna baba alileta barua ya ubalozini imeandikwa "We will travel with my wife", kwenye fomu kajaza watu wawili, nikamwambia mzee wangu, afisa atakuuliza huyo wa tatu yuko wapi. Sahihi ni "My wife and I will travel", au "I will travel with my wife."

However na therefore ntazipitia harakaharaka. Watu wanazitumia kama but na so, "I sent the money, however I did not receive the goods", kumbe hizo hazina nguvu ya kuunganisha, weka nukta au nukta mkato kabla, koma baada. Despite nayo inataka jina mbele yake, sio sentensi, na haitaki of, hiyo of ni ya in spite. Na Because peke yake haisimami, "I am applying for this post. Because I have experience." hapo toa nukta ya kati uunganishe.

Ila kuna kosa moja ambalo watu wanaliogopa na sio kosa. Wengi tulifundishwa sentensi ya Kiingereza haianzi na And wala But. Fungua Biblia ya King James ya mwaka 1611, Mwanzo sura ya kwanza, karibu kila mstari unaanza na And. Kwenye barua ya kazi mi nashauri uipunguze kwa sababu hujui anayesoma alifundishwa na nani, lakini mtu asikukate maksi ya bure.

Mnaoleta mikataba niwape moja ya Marekani. Jimbo la Maine lilikuwa na sheria ya ovataimu yenye orodha ya kazi zisizolipwa ziada, mwisho wa orodha kukaandikwa "packing for shipment or distribution", bila koma kabla ya or. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy wakasema hiyo or inaunganisha shipment na distribution, kwa hiyo kazi inayotajwa hapo mwisho ni kufungasha tu, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza, na sisi hatufungashi, tunasambaza, tulipeni ziada yetu. Mwezi wa tatu 2017 mahakama ya rufaa ikakubaliana nao kwamba maandishi yana utata, na 2018 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Or moja na koma iliyokosekana. Kwa hiyo ukiniletea mkataba wa fremu umeandikwa "repairs shall be paid by the tenant or the landlord" usinishangae nikikuuliza mara tatu, nani hasa? Bomba likipasuka kila mmoja atamnyooshea mwenzie kidole na wote wawili mkataba uko upande wao.

Sasa huduma. Tunapitia barua, CV, ripoti ya fildi, maelezo ya bidhaa, mikataba midogo. Mikataba tunarekebisha lugha tu, sheria mpelekee wakili. Hatukuandikii upya mpaka usijitambue, tunaacha maneno yako na kila tulipogusa tunakuandikia pembeni kwa Kiswahili kwa nini, maana ukiitwa interviu hatutakuwepo. Barua ya ukurasa mmoja unasubiri hapohapo kwenye benchi. Ripoti ndefu niachie siku mbili, na tafadhali usije usiku wa mwisho wa kukusanya na kurasa sitini ukasema dada angalia tu viunganishi.

Na jambo ambalo linanikosesha hela lakini nalisema. Matangazo ya ajira serikalini yanayotoka Sekretarieti ya Ajira huwa yanaeleza kwamba barua ya maombi inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Soma tangazo lako. Kama linaruhusu, andika Kiswahili, ingawa na lakini ziweke zote mbili, hutanilipa kitu zaidi ya hela ya kuprinti.

Leta faili la Word kwenye flashi au nitumie watsap. Ukinitumia picha ya skrini ntalazimika kuichapa upya yote, na hapo bei inakuwa nyingine.