Barua kwa mwanangu aliyechaguliwa Génies en herbe

Lubumbashi

Mwanangu,

Kumbe shule imekuchagua kwa Génies en herbe, yale mashindano ya maswali na majibu ya wanafunzi! Hongera. Kabla hujaanza kukariri miji mikuu, mfuatilie Amy Schneider, yule Mmarekani wa Dayton, Ohio, aliyeshinda Jeopardy!, mchezo wa maswali wa televisheni ya Marekani, mara 40 mfululizo kati ya Novemba 2021 na Januari 2022, akachuma dola 1,382,800.

Pale jukwaani washindani wote watatu wanajua mengi. Kinachowatenganisha ni kitufe cha kuomba kujibu. Hakifunguki mpaka swali limesomwa lote na taa za kando ya ubao zimewaka. Ukiwahi kubonyeza, kinakufungia robo sekunde, na hapo mwenzako amekwisha kukupita. Kwenu muulizeni mwalimu mapema: kumkatiza msomaji kunaruhusiwa? Jibu baya linakata pointi ngapi? Jizoeze ukiwa umesimama, kalamu yenye kibonyezo mkononi, mdogo wako akisoma maswali.

Orodha za kukariri hazikai kichwani. Shika kitu kimoja ukihoji. Ile misalaba mitatu kwenye bendera ya Katanga ya Tshombe, iliyojitenga na Kongo 1960 hadi 1963: ni ya nini? Ni croisette, shaba iliyomiminwa ikatumika kama pesa. Shaba ni namba ngapi kwa wakemia? 29. Inayeyuka kwenye nyuzi gani? 1,085. Kwa nini jiwe la malakiti ni kijani? Ni kabonati ya shaba. Ukiichanganya na bati inakuwa nini, na zinki je? Shaba nyeusi, shaba njano. Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba yetu, ilianza lini? 1906. Kitu kimoja, na umeshapita historia, kemia na pesa. Andika kwenye kaye, yaani daftari, swali upande mmoja, jibu upande wa pili, urudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki.

Hesabu nayo usiidharau. Siku aliyoshindwa, Amy aliingia swali la mwisho na dola 27,600, anayemfuata 17,600. Hapo kila mmoja huweka dau kabla ya kuliona swali: akipata anaongezewa, akikosa anakatwa. Huyo akiweka zote akapata, anafika 35,200, kwa hiyo Amy aliweka 8,000: akipata, ana 35,600. Hesabu safi kabisa. Swali lilitaka nchi ambayo jina lake kwa Kiingereza linaishia na H, nayo ni kati ya kumi zenye watu wengi zaidi. Bangladesh. Hakuipata, mwenzake akaipata. Novemba mwaka huohuo alirudi akatwaa Mashindano ya Mabingwa, dola 250,000.

Jambo lingine, kwa sababu utalisikia likisemwa vibaya. Amy ni mwanamke transijenda: alizaliwa wakamhesabu mvulana, akalelewa Kikatoliki, na ni ukubwani ndipo alipoanza kuishi waziwazi kama mwanamke. Kwenye kipindi kimoja alivaa beji ndogo ya samawati, waridi na nyeupe, rangi za bendera ya watu transijenda, bila hotuba. Kitabu chake cha 2023 kinahusu udadisi uleule, ila safari hii unamgeukia yeye mwenyewe. Mimi naona maswali hayo ni magumu kuliko ya ubaoni, maana hakuna anayekusomea na majibu huchukua miaka. Ukiwa nayo, ya aina yoyote, niulize mimi au baba yako. Hapa nyumbani hayakati pointi. Na akitajwa darasani kwa kicheko, wewe usicheke.

Kaye mbili nimempa mjomba, atakuletea Jumamosi. Anza na madini.

Mama yako