Amplifaya iliyoungua isiwashwe bila globu

Kwa Mhariri,

Msimu wa harusi ukifika hapa Mombasa, meza za mafundi hujaa amplifaya. Nyingi zimetengenezwa juzi tu, zikapiga nusu usiku, kisha moshi. Mwenye chombo humlaumu fundi, na fundi hulaumu spea. Spea bandia zipo kweli, lakini mara nyingi kinachounguza transista mpya ni fundi kubadilisha zilizokufa na kuchomeka plagi ukutani, bila kutafuta kilichoziua zile za kwanza.

Transista kubwa za kutoa sauti, kama jozi ya 2SC5200 na 2SA1943, ni nadra kufa peke yake. Zikipiga shoti kati ya kolekta na emita (miguu miwili kati ya mitatu ya transista; wa tatu ni besi), rezista za emita hukatika, draiva, yaani transista ndogo zinazoziendesha kubwa, huungua, na rezista ndogo za besi hubadilika thamani bila hata kuonyesha weusi. Ukibadilisha kubwa mbili ukaiacha draiva yenye shoti, umezipeleka mpya motoni.

Kwanza chomoa plagi na upime kapasita za pawa, zile zinazohifadhi chaji. Kwenye chombo chenye volti 60 chanya na 60 hasi, kapasita za maikrofaradi 10,000 hubaki na chaji. Zitoe chaji kwa rezista ya omu 470, wati 10, nusu dakika kila moja, kisha upime tena. Bisibisi isitumiwe kwa kazi hii. Cheche yake huyeyusha chuma na yaweza kuruka jichoni.

Halafu weka mita kwenye alama ya dayodi. Transista nzima husoma 0.5 hadi 0.7 kutoka besi kwenda emita na besi kwenda kolekta, upande mmoja tu. Kati ya kolekta na emita haisomi kitu upande wowote. Ing'oe kwenye bao ndipo uiamini mita, kwani zikiwa zimeunganishwa sambamba, moja yenye shoti hufanya zote zionekane zimekufa. Hiyo iliyokufa ivunje uone ndani: ikiwa kipande cha silikoni ni kama punje ya mtama, haikuwa transista ya wati 150 kama lilivyo jina lake.

Sasa globu. Chukua ya wati 100, ile ya zamani yenye waya ndani (ya LED haifai), uiunge mfululizo kwenye waya wa moto kati ya plagi na amplifaya. Kwa umeme wetu wa volti 240, hata kukiwa na shoti kamili haitapita zaidi ya ampea 0.4 hivi, kwa hiyo transista zinapona. Washa bila spika. Globu ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na njia ni safi. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima. Shoti bado ipo. Haya ni ya amplifaya zenye transfoma. Zenye pawa ya swichi huweza kushindwa kuwaka vizuri nyuma ya globu, na fundi akadanganyika.

Globu ikiwa imefifia, pima DC (umeme usiogeuka mwelekeo) kwenye vituo vya spika. Isizidi milivolti 50 hivi. Ukikuta volti 30 au 60, kazi haijaisha, na spika isikaribie hapo.

Ndipo uondoe globu na kurekebisha bayasi, yaani mkondo mdogo unaopita kwenye transista kubwa hata bila muziki, prizeti (rezista ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi) ikianzia chini kabisa. Fuata mchoro wa chombo chenyewe. Kwa mfano, milivolti 10 juu ya rezista ya emita ya omu 0.22 ni kama miliampea 45. Subiri robo saa chombo kipate joto, urekebishe tena. Transista ya bayasi lazima iwe imeshikana na hitisinki (bamba la kupoza), kwani ndiyo inayolisikia joto. Ikilegea, mkondo hupanda kadiri joto linavyopanda mpaka kubwa zinaungua. Na huku kwetu pwani hewa ya chumvi hula prizeti: kigusio chake kikiachia, kwenye saketi nyingi bayasi huruka juu ghafla. Ni spea ya bei ndogo sana. Ukiona kutu, badilisha usiisafishe.

Jambo linaloniuma zaidi ni rilei ya kinga, swichi inayokata spika hitilafu ikitokea, kurukwa kwa kipande cha waya kwa sababu "haigongi". Mara nyingi haigongi kwa kuwa imeona DC. Ukiiruka, volti 60 zinaingia moja kwa moja kwenye wofa (spika ya besi) ya omu 8: zaidi ya ampea 7, zaidi ya wati 400 za joto tupu. Koili huungua kwa sekunde chache, na wofa nzuri ni ghali kuliko ukarabati wote.

Wenye vyombo nao wajue kwamba spika nne za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya nyingi zimeandikwa nyuma mwisho omu 4. Fyuzi ikikatika iwekwe ya ampea zile zile, si waya.

Kabla ya kulipa, mteja aombe kuonyeshwa vitu viwili: globu ikififia, na mita ikisoma DC kwenye vituo vya spika. Hayachukui dakika tano.

Fundi wa vyombo vya sauti,
Majengo, Mombasa