Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kuhusu vitabu visivyopatikana

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakuandikia nikiwa kaunta ya maktaba ya chuo kimoja, jina nalihifadhi. Nyuma yangu kuna kabati la vitabu visivyotoka nje: unaacha kitambulisho, unapewa kwa saa mbili. Kimo kimoja cha fizikia ya mwaka wa kwanza. Sura ya mawimbi haimo. Mtu alipita na wembe, akakata kurasa karibu kabisa na mshono, kwa ustadi hata kikifungwa hujui. Simtetei, ila namwelewa. Foleni ya kitabu kile huisha mtihani ukishapita, na kutoa kopi steshenari kunangoja bumu, yaani pesa ya mkopo wa mwanafunzi, liingie.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo. Tangu mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, kupitia mradi wake wa OpenStax, kinatoa bure vitabu kamili vya kiada, na cha fizikia kilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Leseni yake inaruhusu kunakili, kuchapa, kutafsiri, hata kubadili, mradi uwataje wenyewe. Nikikipakua mara moja hapa maktaba na kumjazia mwanafunzi kwenye flashi, sijaiba cha mtu, na yeye hajagusa bando lake.

Nilimpelekea mhadhiri mmoja. Akakipekua kwenye simu, akakisifu, kisha akasema, "Lakini hakimo kwenye mtaala." Kweli hakimo. Orodha ya vitabu vya kozi ile ilipita pamoja na mtaala, na imejaa matoleo ambayo hata mimi mkutubi sijawahi kuyashika.

Hapo ndipo unapoingia wewe, kwa kuwa mitaala huja kwenu kuidhinishwa. Naomba muulize swali moja zaidi: kila kitabu cha lazima kilichoorodheshwa, mwanafunzi atakipata wapi? Na kama kipo kitabu huria, yaani chenye leseni ya namna hiyo, kinacholingana nacho, kwa nini hakikuwekwa? Nchi wanachama wa UNESCO zilishapitisha mapendekezo kuhusu rasilimali huria za elimu Novemba 2019, kwa hiyo siombi jambo geni.

Wapo watakaosema cha bure hakina hadhi. Mimi wasiwasi wangu uko kwingine. Fizikia ni fizikia popote, lakini kitabu cha OpenStax cha sosholojia kimejaa Marekani mtupu. Leseni inaruhusu tuandike upya sura ya familia kwa mifano ya Kigoma au Pemba. Nani ataiandika? Mhadhiri ambaye kazi hiyo haihesabiwi anapoomba kupanda daraja atarudi kwenye makala zake, na sitamlaumu. Hilo nalo lipo ndani ya uwezo wenu kulisemea.

Juzi alikuja binti kuulizia sura ya mawimbi. Nikamwekea kitabu kizima kwenye flashi. Akaishika, akasita, akaniuliza anatakiwa kukirudisha lini.

Wako,
Mkutubi wa kaunta