Kwa nini hatukuuzii jogoo na mitetea wa banda moja

Mteja anayefuata Ching'wekwe, kuku wa asili tunaowafuga na kuwauza, kwa mara ya kwanza hushangaa tunapokataa kumpa jogoo na mitetea wa banda moja. Hela anayo, kuku anawaona, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba wale ni ndugu. Ukiwapandisha ndugu kwa ndugu, mwanzoni huenda usione tofauti. Baadaye mayai yanabaki viza kiotani, vifaranga wanatoka wachache tena dhaifu, na lawama zote zinaiangukia mbegu.

Kwa hiyo kila kifaranga wetu, akiwa bado mdogo kabisa, tunamtoboa kitundu kwenye utando ulio kati ya vidole vya mguu. Tundu la mguu wa kulia ni banda hili, la kushoto ni lile. Alama hiyo haifutiki akikua. Ikague kabla hujalipa. Jogoo naye tunamwondoa kabla hajaanza kuwapanda binti zake. Wako akifikia hapo, mlete tubadilishane.

Kuhusu uzito tusidanganyane. Ching'wekwe ni kuku mdogo wa asili, mwenye miguu mifupi, wa Morogoro, Dodoma na Manyara. Tetea aliyekomaa ana takriban kilo 1.2, jogoo 1.6. Anayetaka nyama nyingi amtafute Kuchi, kuku wa asili mwenye mwili mkubwa. Wapo wanaompandisha Ching'wekwe kwa jogoo chotara ili apate mwili, na mwili kweli wanaupata. Lakini wanahatarisha kile hasa walichokinunua: tetea anayeatamia mwenyewe, anayelea vifaranga na kujitafutia riziki uani. Inatuuma kuona mbegu hii ikipotea hivyo.

Halafu kuna haya maneno kwamba kuku wa kienyeji hahitaji chanjo. Si kweli hata kidogo. Mdondo, yaani kideri, unafagia banda la kienyeji lote. Chanjo yake, iitwayo I-2, ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Sisi tunachanja kabla ya kuuza, na tunakuandikia tarehe ya tone linalofuata.

Ukichukua mayai ya kuangulisha, yatunze ncha nyembamba ikiwa chini, mahali penye ubaridi wa kawaida, yasipitishe wiki moja. Usimjazie tetea mayai. Mwili wake ni mdogo, 10 yanamtosha, yakizidi ya pembeni yanapoa.

Unapoagiza, tuambie kama nyumbani tayari una Ching'wekwe na uliwatoa wapi, ili tujue tukupe jogoo wa banda gani.