Kozi za Kifaransa zitazame pia majirani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wanaojiandaa kuwapeleka watoto wao Ufaransa kwa kozi za lugha za Julai na Agosti. Miji ya Vichy na Tours ina vyuo vyenye sifa njema, na mwanafunzi anayekaa na familia ya wenyeji hujifunza mezani mengi ambayo darasa haliwezi kumpa. Hata hivyo, nauli na gharama za viza huwaacha nje vijana wengi wenye bidii, ilhali Burundi, ambayo shehena zake nyingi hupitia bandari yetu, hutumia Kifaransa shuleni na maofisini. Vyuo vikuu vyetu viandae kozi za likizo Bujumbura, na hata Lubumbashi, kwa kuwa Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Msomaji,
Upanga, Dar es Salaam