Msitupeleke kwenye mizabibu wakati wa mavuno

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya kuendesha baiskeli kwenye mashamba ya mizabibu nimeisoma yote, picha safi, mwandishi anajua kushawishi, ila kwenye ushauri wenyewe kapotosha watu. Kasema ukitaka utulivu nenda wakati wa mavuno, alafu ufuate barabara rasmi ya mvinyo mwanzo mpaka mwisho. Yote mawili ni kinyume jamani, na naandika kwa sababu kuna watu najua wameshaanza kudunduliza nauli kwa kuamini hayo maneno.

Tuanze na hizo barabara rasmi. Ile ya Alsace kule Ufaransa ilizinduliwa 1953, kilomita kama 170 kutoka Marlenheim mpaka Thann, na ile ya Ujerumani, Deutsche Weinstraße, ni ya 1935, kilomita kama 85 hivi. Zote zilianzishwa ili mvinyo uuzike, yaani mtu mwenye gari asimame kijijini, aonje, apakie katoni kwenye buti aondoke, sasa wewe na baiskeli yako ya resi unaenda kutafuta utulivu pale pale ambapo basi la watalii na lori la mizigo vinapigana pasi. Hiyo ya Ujerumani Jumapili ya mwisho ya Agosti wanaifunga kabisa magari yasipite ili watu wenye baiskeli na watembea kwa miguu wapate nafasi, na hilo peke yake linawaambia siku zilizobaki hali ikoje. (Na hiyo Jumapili nayo sio ya utulivu, watu wanajaa mpaka unashuka unakokota baiskeli.) California vile vile, kule bonde la mvinyo la Napa ukishika barabara kuu, Highway 29, utajuta, waendesha baiskeli wengi wanahamia Silverado Trail upande wa mashariki wa bonde, pembeni ina nafasi ya kutosha ila magari yanakimbia.

Njia yenyewe ya kimya unaipata ukijua mzabibu unapenda kukaa wapi. Unapenda mteremko unaotazama jua, ambapo maji hayatuami na baridi haijikusanyi. Kwa hiyo sehemu nyingi mpangilio unakuta ni ule ule, chini kwenye tambarare kuna barabara kuu na reli na maghala, juu kabisa kilimani kuna msitu, na hapo katikati ndio mizabibu yenyewe, na ndani ya mizabibu kuna kijia chembamba cha lami au zege kilichowekwa kwa ajili ya trekta. Hicho kijia ndio mnachotafuta. Kwenye programu za ramani mara nyingi kinaonekana kama kamstari kembamba keupe au ka nukta nukta, na ukiiachia simu ikuchagulie njia kwa mpangilio wa gari itakushusha chini kwenye malori, kwa hiyo uchore mwenyewe, ukifuata mbavu za kilima na kuunganisha kijiji na kijiji.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni Burgundy, huko huko Ufaransa, ile njia ya baiskeli inayoitwa Voie des Vignes, kutoka Beaune mpaka Santenay, kilomita 22 hivi, unapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet, majina ambayo watu wanayasoma kwenye chupa za bei mbaya, na wewe unayapita taratibu kati ya kuta za mawe zinazokufika kiunoni, kona baada ya kona, huku barabara kuu ya D974 iko kule chini na malori yake. Inapanda na kushuka, ni vilima vifupi lakini baadhi vimesimama kweli, beba gia nyepesi usione aibu.

Kama kupanda hakukupendi kuna zile reli zilizokufa. Australia kwenye bonde la Clare wana Riesling Trail inayofuata tuta la reli ya zamani, na Ujerumani kuna Maare-Mosel, kilomita 58 kutoka Daun kushuka mpaka Bernkastel-Kues pale mtoni. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo ukifuata njia yake na wewe miguu inapona, hata mtoto anamudu.

Sasa hayo mavuno. Kaskazini mwa dunia ni Septemba mpaka kuingia Oktoba, miaka ya joto wanaanza hata Agosti, na kusini, kama Stellenbosch ya Afrika Kusini au huko huko Clare, ni Februari mpaka Aprili. Mwandishi wenu kaona picha ya watu wenye vikapu akadhani ni sherehe. Ni kazi, tena ya kukimbizana na mvua, na kile kijia kimya nilichowasifia muda wote huu kinageuka njia ya matrekta yanayovuta matela yaliyojaa, yanakwenda na kurudi, yanakwenda na kurudi, wengine wanavuna mpaka usiku wa manane ili zabibu zifike kiwandani zikiwa baridi. Kuna ile mashine ya kuvunia, ndefu, imesimama kama mlango na mstari wa mizabibu unapita katikati ya miguu yake, dereva kakaa huko juu, ikiingia barabarani inaijaza yote, hakuna pa kupishana, unashuka unajibana kwenye nyasi mpaka ipite. Na haki ni yake.

Alafu angalieni kona ambapo trekta linatoka shambani. Tairi zimebeba udongo wa mfinyanzi zimeudondosha pale, juu yake zimemwagika zabibu zimekanyagwa zikawa uji, juisi inavuja toka kwenye tela inaganda inanata, ikinyesha kidogo tu hapo ni utelezi mtupu, na nyigu wamejaa wanakula. Ukija na kitairi chenye upana wa milimita 25 umeinama kwenye kona kwa spidi, utalala chini kabla hujagusa breki. Tairi ya 30 au 32 yenye upepo uliopunguzwa kidogo ni bora mara mia, kwenye zege lenye nyufa pia inasaidia.

Mtaniuliza basi lini. Nawapa kwa kalenda ya kaskazini, kusini mgeuze wenyewe. Februari na Machi wanapogolea, baridi ipo lakini njia tupu, tatizo lake ni vipande vya waya vinavyodondoka wakifunga matawi, pancha hizo, beba tyubu za ziada. Aprili ni nzuri. Mei mpaka Julai wanapiga dawa, salfa na mrututu na nyinginezo, na wanapiga alfajiri wakati hamna upepo, saa ile ile ambayo nyie mmetoka kuwahi jua. Ukiona trekta lenye feni linatoa ukungu, simama mbali upande upepo unakotoka, subiri limalize mstari ligeuze, usijitie haraka ukapita katikati ya lile wingu na mdomo wazi unahema.

Ila kwangu mimi wakati ni mwisho wa Oktoba kuingia Novemba. Zabibu zimeshaingia ndani, wenye mashamba wamejifungia na mapipa yao, majani yamegeuka njano kilima kizima, na unaweza ukaendesha asubuhi nzima usipishane na gari. Kama ratiba ya kazi haikuruhusu mwezi huo basi chagua Jumapili, au kwa Ufaransa ile saa sita mpaka saa nane mchana ambapo kila mtu kaenda kula, hata mavunoni utapata kaupenyo.

Kitu kingine alichosema mwandishi, eti epuka barabara za vumbi. Chianti kule Italia uzuri wenyewe ni zile barabara nyeupe za kokoto, na pale Gaiole 1997 walianzisha safari ya baiskeli za zamani, L'Eroica, lengo mojawapo likiwa kuziokoa zisimwagiwe lami. Walikuwa na akili, sababu ukishaweka lami magari yanafuata na kile kimya ndio basi tena.

Kuhusu adabu nitasema kidogo maana watu wazima mnajua, usiegemeze baiskeli kwenye nyaya za mizabibu, usichume hata moja, na ukikuta bango linalosema njia ni ya shughuli za kilimo tu soma na kile kibao kidogo chini yake, mara nyingi ndio kinachosema kama baiskeli inaruhusiwa.

Na kuonja. Hapa makala yenu imenyamaza kabisa, nashangaa. Ufaransa kiwango cha gramu 0.5 kwa lita ya damu kinamhusu na mwenye baiskeli, sio wa gari peke yake. Ujerumani wanapima kwa elfu, yaani gramu kwa kilo ya damu, mwenye baiskeli akifika 1.6 hiyo ni kosa la jinai hata kama alikuwa ananyoosha vizuri, na kuanzia 0.3 tu ukiyumba au ukisababisha ajali wanaweza kukushtaki. Kwenye meza ya kuonja kunakuwa na chombo cha kutemea, tema, hakuna atakayekuona mshamba, wataalamu wenyewe wanatema. Ukiipenda chupa ulizia kama wanatuma kwa posta, wengi wanatuma, maana chupa tatu za kioo mgongoni kwenye ule mteremko wa Volnay sitaki hata kufikiria.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi